Naona na Niliona: Maneno ya Kutolea Rai Yalivyosikika Balambala

Katika daftari la mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, katika shule moja ya upili huko Balambala, kuna neno lililozungushiwa wino mwekundu. Zoezi lilihusu Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo ilitahiniwa katika karatasi ya fasihi ya KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, na swali lilimtaka mwanafunzi athibitishe kwamba utawala wa Majoka ulikuwa wa kidhalimu. Mwanafunzi alizitaja hoja zilizotarajiwa, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Alipofikia kufungwa kwa soko la Chapakazi aliandika hivi: "Naona soko likifungwa anayeumia kwanza ni mama, kwa sababu niliona." Kalamu ya mwalimu haikusumbuliwa na naona. Ilisimama penye niliona, ikalizungushia duara, na pambizoni ikaandika swali la neno moja: "Wapi?"

Daftari liliporudishwa, mwanafunzi hakununa wala hakulalamika. Aliwasubiri wenzake watoke, akasimama mbele ya meza na kusema, "Garissa, mwalimu." Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba Garissa haimo katika tamthilia, kwamba mambo ya Kigogo hutendeka Sagamoyo, na ushahidi wa jibu hauna budi kutoka humo. "Swali lilisema thibitisha, mwalimu," akasema binti yule. "Nimethibitisha."

Alilokuwa akilithibitisha lilijulikana baadaye, kwa vipande vipande. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini mashariki mwa Kenya, na Garissa ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mapema na vibaya. Watu walikufa, mifugo ikafa, uchinjaji na usafirishaji wa wanyama ukapigwa marufuku, na masoko ya mifugo yakafungwa hadi mwaka uliofuata. Binti huyu alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Mama yake alikuwa akiuza maziwa mjini. Asubuhi moja alitoka na vibuyu vyake vimejaa, akarudi navyo vimejaa.

Kisa ni kidogo, na yamkini kila mwalimu wa fasihi ana kisa cha namna hiyo. Hata hivyo kinagusa jambo ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalishughulikia vya kutosha, nalo ni hili: maneno ambayo kwayo mtu hutolea rai yake hayakugawiwa watu wote sawasawa. Vitabu vya kufundishia insha huyapanga maneno hayo kama kwamba ni visawe. Naona, nadhani, nafikiri, naamini, nahisi, kwa maoni yangu, kwa mtazamo wangu: mwanafunzi hushauriwa ayabadilishebadilishe ili insha yake isichoshe. Ushauri huo una faida kwa msomaji wa insha, lakini kwa mwandishi wake una hatari. Kila neno kati ya hayo lina historia yake, na kila moja humweka msemaji mahali tofauti mbele ya anayemsikiliza.

Balambala iko kandokando ya Mto Tana, upande wa juu kwa mtu anayetoka mji wa Garissa akaufuata mto kuelekea unakotoka, na njia yake hupitia Sankuri. Lugha ya nyumbani na ya malishoni ni Kisomali. Lugha ya duksi, yaani chuo cha Kurani, ni Kiarabu cha kusomwa na kuhifadhiwa. Kiswahili huanza kwa dhati mtoto anapoingia shule, na akitoka shuleni hukutana nacho katika kizuizi cha barabarani, katika ofisi ya serikali, katika kituo cha polisi na hospitalini. Katika mazingira hayo Kiswahili ni lugha ambayo aghalabu mtu huulizwa kwayo. Unatoka wapi, kitambulisho kiko wapi, baba yako ni nani. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuuthibitisha upya uraia wao, na neno thibitisha likapata katika nyumba nyingi maana ambayo haimo katika kitabu chochote cha mazoezi. Mwalimu aliyetoka magharibi mwa nchi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya michezo ya watoto, huhitaji muda kulitambua hilo. Mwalimu huyu alihitaji takriban mwaka mzima.

Alilitambua kwanza katika nadhani. Katika mwambao neno hili ni la adabu: mtu anayejua fika kwamba basi limekwisha kuondoka atasema "nadhani limeondoka" ili asimwaibishe aliyechelewa. Shuleni hufundishwa hivyo hivyo, kama neno la kulainishia kauli. Lakini wanafunzi wa Balambala hawakulipenda. Walilikwepa katika insha na katika mijadala, na alipowashurutisha walitumie, mmoja wao aliuliza kama si vibaya mtu kujisingizia dhana. Swali lilikuwa na msingi. Nadhani na dhana vinatokana na neno la Kiarabu ambalo watoto hawa walikuwa wamelisoma duksini kabla ya kukutana na Kiswahili cha shule. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, waumini wanaonywa wajiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Katika Surat Yunus, aya ya 36, dhana inatajwa kuwa haimfai mtu kitu mbele ya haki. Mtoto aliyekwisha kuhifadhi aya hizo akiambiwa aandike "nadhani mwandishi amefaulu," husikia kwamba anatakiwa akiri mbele ya darasa kuwa anasema asilolijua.

Inafaa kuongeza hapa, ijapokuwa ni kutangulia mbele ya hoja, kwamba haki hiyo inayowekwa kinyume cha dhana ndiyo mzizi wa hakika, na wa hakiki, na kwa hivyo wa uhakiki. Mhakiki kwa asili ya jina lake ni mtu anayetaka kuondokana na dhana. Iwapo wahakiki wengi wangeitwa mbele ya mzizi huo waulizwe ni mara ngapi wamedhani, baadhi ya makala yangepungua urefu.

Nafikiri halikuwa na uzito huo. Lilikuwa neno la redioni na la hotuba, na wanafunzi walilitumia bila mapenzi wala chuki. Nahisi liliwachekesha, kwa maana waliliona ni neno la mtu anayejisikia homa. Naamini walilihifadhia mambo ya imani, na hawakuona sababu ya kuamini habari za Sagamoyo. Lililobaki likawa ni naona, na hilo ndilo walilolishika.

Walilishika kwa sababu ya Kisomali, kwa sehemu. Kisomali nacho kina aragti, neno la maoni litokanalo na kitenzi cha kuona, na kina ra'yi lililotoka Kiarabu kama rai ya Kiswahili. Lakini katika mazungumzo ya kila siku msemaji wa Kisomali hupenda kusema ila tahay, ambayo kwa maana yake ya ndani ni kama kusema kwamba jambo hilo liko pamoja naye. Rai hapo ni kitu kilichoketi na mtu. Hakijasafiri kwenda kwa mwingine, na hakitasafiri mpaka kwanza kisikike. Juu yake kuna talo, ambayo ni shauri linalofikiwa na watu walioketi pamoja, na ambalo likishafikiwa humfunga hata aliyelipinga. Kiswahili kilikuwa na neno lililokaribiana na hilo, nalo ni shauri lenyewe. Waliokaa pamoja walifanya shauri, na aliyetaka busara aliomba shauri. Lakini mwendo wa neno hilo katika Kenya ni wa kusikitisha. Leo mtu akiambiwa "shauri yako" huwa ameachwa peke yake na matokeo ya ukaidi wake. Neno la kukutania limegeuka kuwa neno la kuachania. Wanafunzi wa Balambala walilijua kwa maana hiyo ya pili tu, na mwalimu alipowaeleza ile ya kwanza walidhani anawatania.

Hali kadhalika rai. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule wa kuona, na katika fikihi lilikuwa ni neno zito la mwanachuoni anayelipima jambo lisilokuwa na nukuu ya wazi. Kiswahili kimelipokea, kisha kikalizalia kitenzi kisichokuwa na uzito huo hata kidogo: kurai ni kubembeleza, na kurairai ni kushawishi kwa maneno matamu. Maana hizo mbili hukutana katika lugha ya magazeti na redio. Kiongozi "ametoa rai kwa wananchi" wadumishe amani. Hapo hajasema anavyoona. Amesihi, na sihi yake ina harufu ya amri. Ukifuatilia maneno haya katika taarifa za habari kwa juma moja tu, mgawanyo wake hujitokeza bila kutafutwa. Waziri hutoa kauli, serikali hutoa tamko, chama hutoa msimamo, kiongozi hutoa rai. Mwananchi hutoa maoni. Na mwananchi akieleza jambo ambalo amelishuhudia, huandikwa kwamba "anadai", ilhali afisa aliyefika siku tatu baadaye huandikwa kwamba "amethibitisha".

Maoni, basi, ndilo neno la wengi, na sarufi yake inastahili kuangaliwa. Maumbile yake ni ya ngeli ya li-ya, lakini umoja wake, oni, hausikiki katika mazungumzo. Hakuna anayesema ana oni moja. Neno limebaki upande wa wingi pamoja na maji, mafuta, maziwa na mate, vitu visivyohesabika ambavyo hupimwa kwa chombo. Vitenzi vinavyoandamana nalo vinaafiki. Maoni huchukuliwa, hukusanywa, huwasilishwa, huzingatiwa. Ni vitenzi vya shehena. Kitenzi cha kuona, ambacho humhitaji mtu mwenye macho aliyesimama mahali fulani, kikishavishwa ngeli hiyo hupoteza macho na mahali pia, kikawa kitu cha kujazwa guniani na kupakiwa.

Wenyeji wa kaskazini mashariki wana sababu ya kuyajua magunia hayo. Baada ya mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwanzoni mwa mwaka 1962, Uingereza iliunda tume ya watu wawili, G. C. M. Onyiuke kutoka Nigeria na Meja Jenerali M. P. Bogert kutoka Kanada, ili ibainishe maoni ya wakaazi wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini, NFD kwa ufupi, juu ya mustakabali wao. Garissa ilikuwa mojawapo ya sehemu zake sita, pamoja na Isiolo, Mandera, Marsabit, Moyale na Wajir. Tume ilizunguka, ikasikiliza, ikaandika. Ripoti iliyotolewa mwezi Desemba mwaka huo ilionyesha kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi, walitaka kujitenga ili hatimaye waungane na Somalia, na kwamba walikuwepo pia wakaazi waliotaka kubaki Kenya. Mwezi Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba litaundwa jimbo la saba, la Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Yaliyofuata yanajulikana: uchaguzi wa Mei 1963 ulisusiwa na Wasomali wengi, hali ya hatari ikatangazwa Desemba mwaka huo, vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki juu ya kaskazini hadi 1991.

Kama uamuzi wa 1963 ulikuwa wa busara au la ni suala la wanahistoria na wanasiasa, na wao hawajakubaliana. Mhakiki wa lugha ana suala dogo zaidi. Watu waliulizwa wanaonaje, wakasema, waliyoyasema yakaandikwa kwa uaminifu wa kuridhisha, na ripoti ikachapishwa. Hakuna aliyewanyima nafasi ya kutoa maoni. Walichokosa ni uhusiano wowote wa lazima baina ya maoni hayo na uamuzi, na neno lenyewe halikuwaahidi uhusiano huo. Talo ingewaahidi. Shauri, katika ujana wake, lingewaahidi.

Tangu Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 10 inautaja ushirikishaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, maoni yamekusanywa Kenya nzima kwa wingi usio kifani: ya bajeti, ya mipango ya maendeleo, ya miswada. Mwalimu alihudhuria baraza moja la namna hiyo akiwa mkalimani wa dharura, kwa kuwa aliyetarajiwa hakufika. Kisomali chake kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia, basi kazi ikagawanywa: mwanafunzi wake wa zamani alitafsiri maneno ya wazee, naye akayanyoosha Kiswahili chake kwa ajili ya karani. Mgeni wa heshima aliuliza, "Wazee wetu, mna maoni gani?" Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele, fimbo yake magotini, alijibu kwa sentensi mbili ambazo mwanafunzi yule alizitafsiri bila kuzitengeneza: "Maoni yetu yalichukuliwa nikiwa kijana. Mtuambie kwanza yako wapi."

Karani aliuliza aandike nini. Mwalimu, ambaye wakati huo hakuwa akijua lolote kuhusu Onyiuke na Bogert, alimwambia aandike kwamba mzee ameomba ufafanuzi. Ndivyo ilivyoandikwa.

Jibu la mzee halikuwa na neno hata moja kati ya yale yafundishwayo katika vitabu vya insha. Hakuona, hakudhani, hakuamini, aliagiza aambiwe. Fasihi ya Kiswahili inaifahamu vyema njia hiyo ya kutoa rai kwa umbo la swali. Waraka ulioandikwa na Abdilatif Abdalla mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, ulibeba rai yake nzima katika alama ya kuuliza iliyo mwishoni mwa jina lake. Mahakama haikuhitaji kufafanuliwa. Ilimhukumu mwandishi kifungo cha miaka mitatu, na kutoka katika kifungo hicho, kilichokwisha mwaka 1972, ikapatikana diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Mwanafunzi wa fasihi angefanya vyema kuuliza kwa nini swali liliogopwa kuliko "kwa maoni yangu". Yawezekana ni kwa sababu maoni yakishatolewa hupokewa, na kupokewa ni namna mojawapo ya kuyamaliza. Swali humwachia mkononi yule aliyeulizwa.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya maoni na maswali, na hapo ndipo daftari la binti yule linaporejea. Naona na niliona ni kitenzi kimoja. Kinachobadilika ni wakati, na wakati ukibadilika aina ya usemi nayo hubadilika. Naona ni rai: waweza kuikubali au kuikataa, na mwenye nayo hana la kukushurutishia. Niliona ni ushahidi. Anayeukataa hana budi aseme msemaji ni mwongo, au macho yake ni mabovu, au hakuwepo. Silabi moja, li, inatosha kumvusha mtu kutoka baraza la maoni hadi kizimba cha mashahidi, na mataifa mengi yametumia nguvu kubwa kuizuia silabi hiyo isitamkwe.

Mwezi Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliuanza mzunguko wake wa vikao vya hadhara mjini Garissa. Miongoni mwa yaliyosemwa ni ya Novemba 1980, wakati nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi zilipoteketezwa na watu wakauawa katika operesheni ya vyombo vya usalama, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini humo. Ilikuwa imepita miaka thelathini. Katika miaka hiyo yote waliosema niliona walisikilizwa kana kwamba wamesema naona. Walichokishuhudia kiliitwa madai, malalamiko, na kwa ukarimu zaidi, maoni ya jamii hiyo. Mbele ya tume waliitwa mashahidi. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013, na majina ya mahali hapo yamo ndani yake. Je, ushahidi ukishaandikwa katika ripoti isiyotekelezwa, hurudi kuwa maoni? Sarufi haina jibu la swali hilo. Mtu aliyelisikia jibu la yule mzee barazani anaweza kulikisia.

Si serikali peke yake inayokiogopa kiambishi li. Uhakiki wa fasihi nao umejijengea ngazi ambayo yote ni ya kuona, na bado macho ya mtu hayamo. Maoni yatokana na kuona. Mtazamo watokana na kutazama. Rai, kama ilivyoelezwa, ina mzizi wa kuona. Nadharia yenyewe, neno ambalo mwanafunzi wa shahada ya juu hulitamka kwa unyenyekevu, imetoka katika kitenzi cha Kiarabu cha kutazama, kama vile neno la Kigiriki ambalo Wazungu walilifanya kuwa neno lao la nadharia lilivyokuwa na maana ya kutazama. Kadiri mtu anavyopanda ngazi hiyo ndivyo nafsi ya mtazamaji inavyofifia. Chini kabisa kuna naona, ambapo ni mtu mmoja anayesema. Juu yake kuna tunaona, ambapo mhakiki amejikusanyia wenzake bila kuwauliza. Juu zaidi kuna inaonekana, imedhihirika, yabainika: kauli ambamo kitu kimejionyesha chenyewe wala hapakuwa na mtu. Makala haya yenyewe yamefuata desturi hiyo toka mstari wa kwanza, na msomaji aliyeizoea huenda hakuishangaa.

Desturi ina sababu zake, na zisidharauliwe. Kazi ya fasihi ina ulimwengu wake. Mwanafunzi anayekimbilia maisha yake kila anapokutana na mhusika hatausoma ulimwengu huo. Atakuwa akijitazama kwenye kioo. Mwongozo wa kusahihisha hauwezi kumpa mtahiniwa alama kwa mambo ambayo mtahini hana njia ya kuyahakikisha. Yote hayo mwalimu aliyajua, na ndiyo aliyomweleza binti yule siku ile mbele ya meza, kwa uvumilivu, na hakusema uongo.

Ila swali halikuwa limesema "jadili". Lilikuwa limesema "thibitisha". Na maagizo ya namna hiyo, ambayo yamekithiri katika mitihani ya fasihi, yana tabia ya ajabu. Rai inakuwa imekwisha kutolewa na mtahini: utawala ulikuwa wa kidhalimu. Mwanafunzi haulizwi anaonaje. Anapewa kauli ya mtu mwingine aitafutie mashahidi, na mashahidi hao wote sharti watoke kitabuni. Binti wa Balambala alifanya kosa, ikiwa ni kosa, la kulichukua agizo hilo kwa uzito wake wote. Aliulizwa kama ni kweli kwamba soko likifungwa kwa amri watu hudhulumiwa. Alikuwa shahidi wa jambo hilo. Aliona ni ajabu kunyamaza. Zaidi ya hayo, aliandika sentensi ambayo kwa mpangilio wake ni uhakiki kamili: naona ni rai, kwa sababu ni kiungo, niliona ni msingi wa rai. Makala mengi ya kitaaluma hayana sentensi iliyojengwa kwa uangalifu kama huo, na hoja iliyokuwemo, kwamba anayeumia kwanza ni mama, haikuwemo katika mwongozo wa mwalimu. Alipoirudia tamthilia kwa jicho hilo aliyakuta humo mambo kuhusu wanawake wa Chapakazi ambayo alikuwa ameyapita mara tatu.

Hakumwambia. Alikusudia kumwambia, kisha ikaja juma la mitihani, na mnamo Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, walimu wengi wasiokuwa wenyeji walihamishwa kutoka sehemu za kaskazini mashariki, naye akiwa mmoja wao. Binti alikuwa amekwisha kumaliza shule.

Kabla ya hapo, lakini, kulikuwa na mtihani wa majaribio wa muhula wa pili, na swali la soko lilirudi kwa sura nyingine. Jibu lake safari hii halikuwa na dosari. "Inaonekana kwamba," aliandika, "kufungwa kwa soko la Chapakazi kuliwaathiri wafanyabiashara." Mwalimu alitia alama ya vema, akafunua ukurasa uliofuata, akasoma mistari miwili, kisha akarudi nyuma na kuisoma tena sentensi ile, kalamu ikiwa mkononi, akitafuta mahali pa kuandika.